Masharti ya gesti yanavyopunguza bei ya mkungu Rungwe

Tangu Oktoba mosi, 2023 mabasi ya abiria nchini yanaruhusiwa kusafiri saa 24. Kabla ya hapo, kwa takriban miongo mitatu, safari za usiku wa manane zilikuwa zimepigwa marufuku kutokana na ajali nyingi za miaka ya 1990. Aliyetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tukuyu au Kyela alizoea ratiba moja: kuondoka alfajiri, kupita Mikumi na Kitonga mchana, kisha kuomba Mungu basi lisiharibike, maana likichelewa sana abiria walilala njiani.

Leo mambo yamebadilika. Yapo mabasi yanayoondoka asubuhi, mchana na jioni, na kwa umbali wa zaidi ya kilomita 800 hadi Uyole pekee, kabla ya kukata kushoto kuelekea Kiwira na Tukuyu, abiria anaweza kushuka saa yoyote. Atakayeondoka Dar es Salaam saa sita mchana hana budi kujiandaa kushuka Tukuyu usiku wa manane au karibu na alfajiri. Malori ya viazi na ndizi nayo hayajawahi kuwa na saa maalumu.

Kitu kimoja hakijabadilika, nacho ni mlango wa nyumba ya kulala wageni. Masharti yanayobandikwa ukutani mapokezi ni yale yale ya enzi za marufuku: mlango hufungwa saa tano usiku, siku huhesabiwa mwisho saa nne asubuhi, fedha ikishalipwa hairudishwi. Anayegonga saa tisa usiku, kama atafunguliwa, hulipa bei ya siku nzima na saa nne asubuhi anagongewa mlango atoke. Amelala saa tano au sita, amelipa saa 24. Akitaka kubaki hadi jioni, analipa siku ya pili.

Mkulima wa Rungwe anaweza kusoma haya na kusema kwamba hayamhusu, kwa kuwa yeye analala kwake. Yanamhusu, tena sana.

Ndizi za Rungwe huuzwa kwa kiasi kikubwa kwa watu wanaotoka mbali. Soko la Kiwira, lililo kando ya barabara kuu ya kwenda mpakani Kasumulu, huchangamka mapema, na mnunuzi anayetaka mikungu mizuri anapaswa awe pale kabla jua halijapanda. Ni vivyo hivyo kwa viazi vya Isongole. Kwa hiyo mchuuzi wa kutoka Dar es Salaam, Iringa au Dodoma lazima alale mahali fulani karibu, na gharama ya kulala ni gharama ya soko sawa na gunia, kamba, kibarua wa kupakia na nauli ya lori.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Chumba ni Sh 15,000. Mchuuzi anafika saa tisa usiku, analala, saa kumi na mbili asubuhi anakwenda Kiwira kununua mikungu 60. Lori litapakia saa kumi jioni. Anahitaji mahali pa kuweka mizigo yake, kuoga na kujinyoosha baada ya kazi, lakini saa nne chumba si chake tena. Analipa Sh 15,000 nyingine. Kwa usingizi mmoja ametumia Sh 30,000. Ile Sh 15,000 ya ziada ikigawanywa kwa mikungu 60 ni Sh 250 kwa kila mkungu.

Nani atailipa hiyo Sh 250? Mnunuzi wa Mabibo hajui na hataki kujua mchuuzi alilala wapi. Pale sokoni ndizi za Rungwe zinakutana na za Kilimanjaro na Morogoro, na bei hupangwa na wingi wa zote. Mchuuzi hawezi kuongeza bei kwa sababu alitozwa mara mbili Tukuyu. Sehemu pekee anayoweza kupunguza ni kule anakonunua, na ndiyo maana asubuhi ile anapobishana na mwenye mkungu, anabishana akiwa na Sh 250 kichwani. Mwenye mkungu anadhani mchuuzi ni bahili.

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni yule mchuuzi ambaye haji kabisa. Akishapata shida mara mbili au tatu za kulala kwenye benchi la stendi, anaamua kumpigia simu dalali na kumwambia, "Kaka, nikusanyie mikungu 60, lori litapita." Tangu hapo hafiki tena shambani, hajui nani ana ndizi nzuri, na mkulima hana mnunuzi wa pili wa kumlinganisha na wa kwanza. Wilaya yenye wanunuzi kumi wanaolala mjini na kutembea vijijini ina bei tofauti na wilaya yenye madalali wawili wenye simu. Gesti nzuri, kwa maana hiyo, ni miundombinu ya soko kama ilivyo ghala au mizani. Watu hulalamikia lumbesa kwa sababu wanaliona gunia lililovimba, ila gharama ya kulala haionekani.

Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru huo. Ilikuwa nafuu kubwa na mchuuzi mdogo aliifurahia. Nafuu ya namna hiyo inaweza kuliwa kimya kimya na siku ya pili ya gesti ambayo hakuna aliyeihitaji.

Yapo pia matatizo ya tarehe, na haya yanastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu huanza kwa watu wawili wasio na nia mbaya. Mchuuzi anapiga simu na kusema, "Dada, niwekee chumba usiku wa tarehe 12." Anatuma fedha kwa simu. Foleni ya malori Kitonga inamchelewesha na anashuka Tukuyu saa nane usiku. Mhudumu anafungua kitabu, anatazama saa ya ukutani na kumwambia: leo ni tarehe 13, chumba chako kilikuwa jana, hukutokea, tumempa mtu mwingine. Mchuuzi anaona ametapeliwa. Mhudumu anaona amefuata kitabu.

Kiini chake ni kwamba pale mapokezi kuna kalenda tatu. Kalenda ya serikali hubadilisha tarehe saa sita usiku. Kitabu cha gesti hubadilisha siku saa nne asubuhi. Na Mswahili anahesabu saa zake kuanzia jua linapozama, kiasi kwamba kwa wengi "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa mchana, na kwa wengine ni ule unaofuata. Watu wawili wanaweza kukubaliana kabisa kwenye simu huku kila mmoja akiwa na usiku wake. Njia ya kuepuka hili ni kutaja usiku kwa pande zote mbili: "Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 13, nitafika kati ya saa saba na saa kumi alfajiri." Kisha itumwe kwa meseji, isiishie mdomoni. Meseji yenye tarehe, saa na kiasi kilicholipwa ni ushahidi ambao hata mhudumu wa zamu ya usiku, ambaye hakuwepo simu ilipopigwa, anaweza kuusoma.

Ni haki mwenye gesti naye asikilizwe. Kufungua mlango saa tisa usiku mjini si jambo dogo. Wanaogonga wote si wasafiri, na mwenye nyumba ana wageni waliolala ambao nao wamelipia utulivu. Kitabu cha wageni lazima kijazwe jina, atokako mtu na aendako, kwa kuwa polisi hukikagua, na mlinzi aliyeachwa peke yake pengine hana ruhusa ya kukigusa. Halafu kuna wale wanaopiga simu, wanawekewa chumba, na hawaji wala hawasemi. Mwenye gesti aliyefukuza wageni watatu kwa ajili ya mtu ambaye hakutokea hawezi kulaumiwa akiweka sharti la kulipa kwanza. Sharti hilo ni la haki. Lisilo la haki ni kuchukua malipo kisha kukitoa chumba kwa mwingine, yaani kukiuza mara mbili.

Mahoteli makubwa duniani yalishaliona tatizo hili zamani na yalilitatua kwa utaratibu rahisi. Chumba kilichowekwa bila malipo hushikiliwa hadi saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo hupewa mwingine. Chumba kilicholipiwa hubaki cha mgeni usiku kucha, afike saa tatu au saa kumi. Utaratibu huo hautaki kompyuta. Unataka rangi mbili za kalamu kwenye kitabu: nyeusi kwa aliyeahidi, nyekundu kwa aliyelipa. Na kwa kuwa huduma za kutuma fedha kwa simu zimekuwepo nchini tangu 2008, hakuna sababu ya mchuuzi wa Mabibo kushindwa kulipa kishika uchumba, ambacho hapa kingefaa kuitwa kishika chumba.

Kuhusu kuuza kwa saa badala ya siku, India inatoa mfano wa karibu na mazingira yetu. Katika stesheni nyingi za reli za nchi hiyo kuna vyumba vya kupumzikia abiria, na mtu anaweza kulipia saa 12 badala ya 24, kwa sababu treni hazichagui muda wa kufika. Japani ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1979 mjini Osaka ilifunguliwa hoteli ya vijichumba vya ukubwa wa kitanda tu, ikiwalenga wafanyakazi waliokosa treni ya mwisho na kutaka kulala saa chache kabla ya kurudi kazini. Hakuna anayependekeza vijichumba vya aina hiyo Tukuyu. La kuzingatia ni kwamba wenye hoteli wale walimtazama mtu aliyechelewa wakamwona ni mteja.

Kwa hapa, gesti zinazouza chumba kwa saa chache zina jina baya, na wenye nyumba zenye heshima hawataki kufananishwa nazo. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini kuna tofauti kati ya kuuza saa mbili mchana na kuuza kipande cha usiku kwa msafiri aliyeandikwa kitabuni, mwenye tiketi ya basi na kitambulisho mkononi. Tiketi yenyewe inaweza kuwa sharti.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa Rungwe analielewa somo la kitanda kitupu kuliko mtu yeyote. Maziwa ya jioni yasipopata mnunuzi wala pa kupoozea, asubuhi yameganda, na bei yake ya jana haina maana tena. Kitanda ni hivyo hivyo. Usiku wa leo ukipita bila mtu kukilalia, usiku huo hauwezi kuwekwa stoo ukauzwa kesho. Saa tisa usiku, chumba ambacho hakijapata mtu kina thamani moja tu: kile ambacho aliyeko mlangoni atakubali kutoa, ukiondoa sabuni ya kufulia shuka, maji na usumbufu wa mlinzi. Mwenye gesti anayekataa Sh 8,000 kwa sababu bei iliyobandikwa ni Sh 15,000, kisha akarudi kulala, hajailinda bei yake. Amemwaga maziwa.

Wapo watakaosema kwamba bei ikipunguzwa kwa wanaofika usiku wa manane, kila mgeni atasubiri nje hadi saa nane apate nafuu. Mwenye hoja hiyo hajakaa nje Tukuyu usiku wa Julai. Mji uko miinuko ya mlima Rungwe, sehemu kubwa ya wilaya hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa Dar es Salaam avae nguo zote alizobeba. Hakuna atakayekaa saa tano kwenye ukungu kwa ajili ya Sh 7,000.

Kama kupunguza bei ni kugumu, iko njia nyingine ambayo mchuuzi anapaswa kuijua, kwa kuwa inakubalika kwa urahisi zaidi. Asiombe punguzo, aombe saa. Alipe bei kamili aliyoambiwa, lakini apewe chumba hadi saa nane au tisa mchana badala ya saa nne asubuhi. Kwa mwenye gesti saa hizo mara nyingi hazina thamani, kwani wageni wapya huanza kuingia jioni. Kwa mchuuzi zina thamani kubwa: atakwenda Kiwira, atarudi, ataoga, atalala kidogo, na ataondoka na lori bila kulipa siku ya pili. Maafikiano yakifikiwa yaandikwe kwenye risiti, "hadi saa 9 mchana", kwa sababu mhudumu wa asubuhi si yule wa usiku na atakuja kugonga mlango saa nne kamili.

Namna ya kuzungumza pale mlangoni nayo ina uzito. Anayefungua usiku ni mlinzi au binti wa zamu, na hakuna kati yao aliyetunga masharti. Kuwafokea ni kupoteza muda. Mchuuzi mzoefu huanza na salamu, huonyesha tiketi, kisha huomba kwa upole namba ya simu ya mwenye nyumba. Huku kwa Wanyakyusa salamu yenyewe, "ugonile", inauliza kama mtu amelala. Mgeni aliyetoka kwenye basi la saa kumi na tano ana jibu lake tayari.

Njia iliyo bora kuliko zote ni ya pamoja. Wachuuzi watano au sita wanaokuja Kiwira kila wiki wanaweza kukubaliana na gesti moja: wao watalala hapo siku zote, watalipa kwa simu kabla ya kuondoka Dar es Salaam, na kwa upande wake nyumba itawafungulia saa yoyote na kuhesabu saa zao tangu wanapoingia. Mwenye gesti anapata uhakika wa vitanda sita kila wiki, jambo ambalo hakuna bango la barabarani linaloweza kumpa. Madereva wa malori na matingo wao wangeweza kufanya vivyo hivyo.

Suala la wanawake halipaswi kuachwa. Miongoni mwa wanaonunua ndizi na viazi wapo kina mama wengi, na wengi hubeba fedha taslimu kwa sababu mkulima anataka kuziona kabla ya kukata mkungu. Mwanamke aliyeachwa nje ya geti saa nane usiku akiwa na mtaji wake wote kwenye khanga hana tatizo la masharti tu. Ana tatizo la usalama. Zipo nyumba zinazomtilia shaka mwanamke anayefika usiku peke yake na kumkatalia chumba kwa sababu hiyo pekee. Hakuna busara ya biashara katika hilo, achilia mbali utu.

Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe nayo ina maslahi hapa. Inakusanya ushuru kutoka kwenye nyumba za kulala wageni, na kitanda kisicholaliwa hakitoi ushuru. Hakuna haja ya sheria ndogo mpya. Afisa biashara anapopitia leseni, anaweza kutaka kila nyumba ibandike nje ya mlango, mahali penye taa, bei ya chumba, saa ambayo siku inaanza na kuisha, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Msafiri akiyajua masharti kabla ya kulipa anaweza kuchagua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bei na masharti ya huduma anayouza, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo, ingawa ni vigumu kumwona mchuuzi wa ndizi akiandika barua kwa Tume kwa sababu ya Sh 15,000. Bango lenye taa litamsaidia mapema zaidi.

Mkulima wa Rungwe anayesafiri kwenda Dar es Salaam kufuatilia mzigo wake hukutana na shida hiyo hiyo akishuka usiku katika Kituo cha Magufuli pale Mbezi, kilichozinduliwa Februari 2021, na ushauri kwake ni ule ule: alipe mapema, ataje usiku kwa tarehe zote mbili, aombe saa.

Kwa mwenye gesti wa Tukuyu au Kiwira anayetaka kujaribu, haimlazimu kubadili nyumba nzima. Atenge vyumba viwili vilivyo karibu na geti, mbali na wageni waliolala. Amwachie mlinzi funguo zake, kitabu kidogo cha kuandikia wageni hadi asubuhi, na simu yenye chaji. Ahesabu baada ya mwezi mmoja ni usiku mangapi vyumba hivyo viwili vililaliwa na watu waliofika baada ya saa sita.